Mpanda Baiskeli wa Kikuyu Aliyeshinda Italia

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Sumbawanga

Katika toleo lililopita mwenzetu wa Kidato cha Tatu alituandikia habari za mpira wa miguu, nasi tulizisoma kwa furaha. Lakini mimi nilimwendea Mhariri nikamwambia kwamba katika nchi yetu ya Ufipa kuna chombo tukijuacho kuliko mpira, nacho ni baiskeli, na tangu nije shule hii sijaona hata ukurasa mmoja uliotaja baiskeli. Mhariri akanijibu, "Basi andika wewe." Ndiyo sababu ya habari hii.

Nani kati yetu asiyeijua kazi ya baiskeli? Kaka yangu mkubwa huchukua mpunga kutoka bondeni Rukwa na kuupandisha huku juu. Anapoteremka kwa barabara ya Ntendo kwenda Muze breki hazimfai kitu, kwa hiyo hukanyaga tairi la nyuma kwa ndala mpaka ndala inatoa moshi. Anapopanda, na gunia liko kwenye keria, hapandi kamwe. Hushuka akaisukuma baiskeli mkono mmoja juu ya usukani na mmoja juu ya gunia, saa baada ya saa. Kutoka bondeni mpaka uwanda wetu ni kupanda karibu mita 1,000. Wapitao kwa motokaa humpita wakimwona kama sehemu ya barabara.

Nilipomweleza kaka kwamba kuna watu Ulaya walipwao mshahara kwa kupanda milima kwa baiskeli bila kubeba gunia lo lote, alicheka sana. Akauliza, "Na huko juu wanauza nini?" Hawauzi kitu. Lakini kazi yao si ya mchezo, na mmoja wa walio hodari kupita wote alijifunzia kazi hiyo katika kijiji cha Afrika Mashariki, akifundishwa na Mwafrika. Jina lake ni Chris Froome, na mwalimu wake ni Bwana David Kinjah wa Kikuyu, karibu na Nairobi.

Kabla sijaendelea yafaa nieleze mashindano yenyewe, maana hata mimi mwanzoni sikuyaelewa. Yako matatu makubwa: la Ufaransa, Tour de France, lililoanza mwaka 1903, la Italia, Giro d'Italia, lililoanza 1909, na la Hispania, Vuelta a España, lililoanza 1935. Kila moja huchukua majuma matatu, na wapandaji hukata karibu kilomita 3,500 kwa vituo 21. Kila siku hupimwa muda wa kila mtu, na muda wa siku zote hujumlishwa. Mwenye jumla ndogo kuliko wote ndiye mshindi. Kwa hiyo mtu aweza kushinda mashindano yote asishinde kituo hata kimoja, na aweza kushinda vituo vitano akawa wa hamsini mwishoni. Anayeongoza huvaa fulana ya pekee ili watu wamjue. Ufaransa ni ya manjano, kwa sababu gazeti lililoanzisha mashindano hayo lilichapwa katika karatasi za manjano. Italia ni ya rangi ya waridi, kwa sababu gazeti la La Gazzetta dello Sport huchapwa katika karatasi za rangi hiyo.

Jambo la pili ni upepo. Mtu aendaye kasi hupigana na hewa kuliko anavyopigana na barabara, na kila anapoongeza mwendo hewa humzuia zaidi. Lakini aliye nyuma ya mwenzake, gurudumu karibu na gurudumu, hukingwa. Nguvu anayotumia yaweza kupungua kwa robo au hata theluthi. Ndiyo maana wapandaji wa timu moja humtangulia kiongozi wao mchana kutwa wakimkinga kama ukuta, na kiongozi hutoka mbele mwishoni tu, mlima unapokuwa mkali. Naomba msomaji alikumbuke neno hili la upepo, kwa kuwa nitalirudia.

Sasa nirudi kwa Chris. Alizaliwa Nairobi tarehe 20 Mei, 1985, mtoto wa Kizungu, mdogo wa ndugu watatu. Wazazi wake waliachana, naye akakaa na mama yake, ambaye hakuwa tajiri kama tunavyodhani Wazungu wote walivyo. Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili mama yake alimwona Bwana Kinjah katika mashindano ya kuchangia hisani, akamwomba amwangalie mwanawe wakati wa likizo. Tangu hapo Chris alikuwa akitoka Nairobi kwenda kijiji cha Mai-a-Ihii, huko Kikuyu, ambako nyumba ya Kinjah ilikuwa pia karakana na shule ya vijana wa kijiji waliopenda baiskeli. Kundi lao liliitwa Safari Simbaz. Walilala pale, wakala ugali pamoja, wakajifunza kutengeneza cheni na kuziba pancha, na asubuhi wakatoka kwenda pande za Ngong na ukingo wa Bonde la Ufa. Chris alijua Kiswahili, na wenzake walikuwa wakubwa na wenye nguvu kuliko yeye. Yasemwa kwamba alikuwa akiachwa nyuma lakini harudi nyumbani. (Na tena alifuga chatu, jambo ambalo Bwana Mlezi wetu wa bweni asingelikubali.)

Napenda msomaji aione kwanza kazi ya huyo mwalimu kabla ya sifa za mwanafunzi. Bwana Kinjah mwenyewe alikuwa mshindani hodari, aliyeiwakilisha Kenya mara nyingi. Mwaka 2002 alipata nafasi katika timu ya Kiitalia ya kulipwa iitwayo Index-Alexia, jambo ambalo Mwafrika mweusi wa Afrika Mashariki hakuwa amelizoea hata katika ndoto. Timu hiyo haikudumu, ikavunjwa baada ya mwaka huo, naye akarudi Kikuyu kwenye spana zake na vijana wake. Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Alikuwa na umri wa miaka kama thelathini, mlango ukafunguka, ukafungwa. Mwingine angalichukia baiskeli maisha yake yote.

Ziko sababu za elimu zinazoeleza kwa nini nchi kama Kikuyu, na kama hii yetu, zafaa kwa kazi hii. Kikuyu ni kama mita 2,000 juu ya bahari, na Sumbawanga ni karibu mita 1,800. Mahali palipoinuka hivi hewa ni nyepesi. Hapa kwetu mgandamizo wake umepungua karibu moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam. Pumzi moja ya Sumbawanga basi ina oksijeni pungufu. Mwili wa mtu akaaye huku hujitengenezea chembe nyekundu nyingi zaidi za damu, maana ndizo zibebazo oksijeni kutoka mapafuni kwenda kwenye misuli. Wapandaji wa Ulaya hulipa fedha kwenda kukaa milimani majuma kadhaa wapate damu kama hiyo. Sisi twaipata bure, na twaitumia kwenda kisimani.

Lakini damu peke yake haitoshi. Iko hesabu ya meno. Likizo iliyopita nilihesabu meno ya baiskeli ya kaka. Gurudumu la meno la mbele, lile la pedeli, lina meno 44, na la nyuma lina 18. Gawanya 44 kwa 18 utapata kama 2.44, maana yake pedeli ikizunguka mara moja tairi huzunguka mara mbili na nusu hivi. Tairi lake ni mita 2.2 kwa mzingo, basi kila mzunguko wa pedeli humpeleka mbele mita 5.4. Kwenye tambarare ya Laela ni vizuri. Kwenye mlima wa Muze mguu wa binadamu hauwezi. Baiskeli ya mashindano ina magurudumu mengi ya meno nyuma, na mpandaji huhamisha cheni. Akiweka, tuseme, meno 34 mbele na 32 nyuma, kila mzunguko humpeleka mita 2 na kidogo tu, lakini mguu unakuwa mwepesi naye anapanda bila kushuka. Kumbe kaka si dhaifu, amepungukiwa meno. Nilipomwonyesha hesabu hii alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Na gunia je?" Nikakosa jibu.

Chris alipofika miaka kumi na minne alipelekwa shule ya bweni Afrika Kusini, akawa anarudi Kikuyu likizo. Mwaka 2006 yeye na mwalimu wake Kinjah waliiwakilisha Kenya pamoja katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Melbourne, na Chris akawa wa 17 katika mbio za kushindana na saa. Mwaka huo huo alitaka kwenda Salzburg, Austria, kwenye mashindano ya dunia ya vijana. Chama cha Kenya hakikumwandikisha, basi akatumia anwani ya barua pepe ya chama akajiandikisha mwenyewe kana kwamba barua imetoka kwa mkubwa wa chama. Habari hii ameisimulia yeye mwenyewe. Mimi sisemi kwamba alifanya vema, na mwanafunzi ye yote wa shule hii akijiandikia ruhusa kwa jina la Mwalimu Mkuu anajua yatakayompata. Alifika Salzburg peke yake bila msaidizi, akaanza mbio, na mara baada ya kuondoka akamgonga msimamizi aliyekuwa barabarani, wote wawili wakaanguka. Ndivyo Ulaya ilivyomwona mara ya kwanza.

Hata hivyo mwaka uliofuata alianza kulipwa na timu ndogo ya Afrika Kusini, akashinda kituo kimoja katika Giro delle Regioni, mashindano ya vijana ya Italia. Mwaka 2008 akachukuliwa na timu ya Barloworld. Fedha zake zilitoka Afrika Kusini lakini viongozi wake walikuwa Waitalia, naye akapanga chumba katika mji mdogo wa Chiari, upande wa Lombardia. Italia ndiyo iliyomfundisha kazi hii kama ilivyotaka kumfundisha Kinjah. Mwaka huo mama yake alifariki kwa saratani majuma machache kabla ya Tour de France. Akaenda mazishini Kenya, kisha akaenda Ufaransa, akamaliza mashindano mbali nyuma. Mwaka huo pia alianza kushindana kwa jina la Uingereza, kwa kuwa alikuwa na pasipoti ya huko. Wakenya wengine walisikitika, na mimi nawaelewa.

Yaliyofuata yalikuwa ya ajabu. Siku moja alipanda kama simba, siku ya pili akawa kama mgonjwa. Mwaka 2010, katika Giro, alikuwa na maumivu ya goti na uchovu, akashika pikipiki ya polisi imvute mlimani Mortirolo, akaondolewa mashindanoni. Timu yake mpya, Team Sky ya Uingereza, ilianza kufikiri kumwacha. Kisha mwishoni mwa mwaka 2010 damu yake ikapimwa. Alikuwa na kichocho.

Hapo niliposoma niliacha kitabu. Wenzangu wengi hawajui, nami sijapata kuwaambia, lakini sasa nitasema. Mimi nilizaliwa bondeni, karibu na Ziwa Rukwa. Tulioga mtoni kila siku, tukachota maji, tukavua samaki wadogo kwa kanga ya mama. Nilipokuwa darasa la tano nilianza kukojoa damu, na sikuogopa, kwa sababu wavulana wakubwa walituambia kuwa ni dalili ya kukua. Karibu kila mmoja alikuwa nayo. Jambo lililoniumiza ni mchakamchaka. Asubuhi tulipokimbia tukiimba mimi nilikuwa wa mwisho siku zote, pumzi zimekwisha, miguu kama magogo. Wakaniita Kobe. Nilichapwa kwa uvivu, nami mwenyewe nikaamini kuwa ni mvivu, na hilo ndilo lililokuwa baya kuliko fimbo.

Kichocho ni minyoo. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai hutoka, huanguliwa, na vijidudu vyake huingia katika konokono wa majini. Ndani ya konokono huzidi kwa maelfu, hutoka tena majini, na mtu aingiapo maji humtoboa ngozi pasipo kusikia maumivu. Katika mwili minyoo hukaa ndani ya mishipa ya damu, mume na mke wamekumbatiana, wakila damu. Na mayai yao hupasua kuta za kibofu au za matumbo. Basi damu hupungua, na chembe nyekundu nilizozieleza juu hupungua pia. Mtu amejaliwa mapafu ya mlimani, lakini hana wa kubeba oksijeni. Mwalimu wetu wa Bayolojia alipotuchorea mzunguko huo ubaoni mwaka jana, nilikuwa naujua kwa njia nyingine.

Siku moja wakaja watu wa afya shuleni kwetu na ubao mrefu wenye alama. Walitusimamisha kwenye ubao mmoja mmoja. Kimo chako ndicho kilichoonyesha idadi ya vidonge. Mimi nilipewa vitatu, vikubwa, vichungu sana. Dawa hiyo ni prazikwanteli, ile ile aliyopewa Chris Froome, naye ilibidi aitumie zaidi ya mara moja. Nilitapika kidogo, nikalala. Sikuwa shujaa baada ya hapo. Mpaka leo katika mbio za shule sijapita nafasi ya kumi na moja. Lakini jina la Kobe lilikwisha, na mama aliwaambia majirani, "Mwanangu hakuwa mvivu, alikuwa analiwa."

Chris naye alipokuwa akitibiwa alikwenda Hispania mwaka 2011, timu ikimchukua kama msaidizi tu, akawa wa pili kwa sekunde 13. Miaka minane baadaye, mwaka 2019, aliyemshinda alinyang'anywa ushindi kwa makosa ya damu yake, na Chris akahesabiwa mshindi wa mwaka 2011. Alishinda Tour de France mara nne, 2013, 2015, 2016 na 2017, na Vuelta tena mwaka 2017. Sitazieleza zote, ila ile siku ya Mont Ventoux mwaka 2016, baiskeli yake ilipovunjika katikati ya msongamano wa watu na pikipiki, naye akaanza kukimbia kwa miguu kupanda mlima katika viatu vya baiskeli, fulana ya manjano mwilini. Kaka aliposikia hivyo alisema, "Huyo sasa ni mwenzetu."

Ilibaki Italia. Hapa naomba nafasi kidogo nimtaje Mwitalia mmoja, maana bila yeye hutaelewa kwa nini Waitalia walistaajabu. Fausto Coppi, aliyezaliwa mwaka 1919, alishinda Giro mara tano na Tour de France mara mbili. Vita ilimkatizia miaka yake mizuri: alikuwa askari, akakamatwa na Waingereza huko Tunisia mwaka 1943, akawa mfungwa. Aliporudi alikuwa bora kuliko kabla. Tarehe 10 Juni, 1949, kati ya Cuneo na Pinerolo, aliwaacha wenzake akaenda peke yake kilomita 192 kwa milima mitano, akafika karibu dakika 12 mbele ya wa pili. Desemba 1959 alialikwa Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, kwa mashindano na kuwinda. Akarudi Italia na homa. Madaktari hawakutambua kuwa ni malaria, akafa tarehe 2 Januari, 1960, akiwa na umri wa miaka 40. Rafiki yake Mfaransa, Raphaël Géminiani, aliyekuwa naye safarini na kuugua vile vile, alitambuliwa malaria, akapewa kwinini, akapona. Ugonjwa ambao bibi yangu huutambua kwa kukugusa paji la uso ulimwua mtu mashuhuri kuliko wote wa Italia, madaktari wamemzunguka.

Basi mwaka 2018 Chris alikwenda kwenye Giro. Siku ya kwanza, alipokuwa akiijaribu njia mjini Jerusalem yalikoanzia mashindano, alianguka akaumia. Majuma mawili alikuwa nyuma, ila alishinda kituo cha mlima Zoncolan. Ilipofika tarehe 25 Mei, siku tatu tu zimebaki, alikuwa wa nne, dakika 3 na sekunde 22 nyuma ya Mwingereza Simon Yates.

Kituo cha siku hiyo kilikuwa cha kilomita 185, kutoka Venaria Reale kwenda Bardonecchia, na katikati yake mlima uitwao Colle delle Finestre. Mlima huo una kilomita 18.5 za kupanda na kilele chake ni mita 2,178. Ukiusimamisha juu ya bonde letu la Rukwa, mtu angepanda ukingo wa Muze, kisha angeongeza karibu mita 700 nyingine. Na kilomita kama nane za mwisho si lami, ni vumbi na changarawe. Nilipoona picha zake nilifikiri ni barabara ya kwetu, isipokuwa pembeni kulikuwa na theluji.

Timu yake ilianza kuvuta kwa nguvu chini ya mlima mpaka Yates akaishiwa. Siku hiyo alipoteza zaidi ya nusu saa. Kisha juu ya vumbi, zimebaki kilomita 80, Chris akaondoka peke yake. Sasa msomaji akumbuke neno la upepo. Kilomita 80 bila mtu wa kumkinga, na nyuma yake kundi la watu watano wanaoweza kupokezana! Kwa hesabu ilikuwa wazimu. Lakini timu ilikuwa imewapanga watumishi wake njiani na maji na chakula ili asibebe kitu, naye aliteremka milima kwa kasi kuliko waliomfuata. Tom Dumoulin wa Uholanzi, aliyekuwa akimfukuza, alimngoja mtu mmoja afike kuwasaidia kuvuta, na wengine katika kundi hawakutaka kufanya kazi. Watano wakawa dhaifu kuliko mmoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa anaitazama faida yake. Chris alifika Bardonecchia dakika tatu mbele ya wa pili, akavaa fulana ya waridi. Tarehe 27 Mei, Roma, alikuwa mshindi kwa sekunde 46. Hapo alikuwa ameshika mashindano makubwa matatu kwa wakati mmoja, Ufaransa, Hispania na Italia, jambo lililofanywa kabla yake na Eddy Merckx na Bernard Hinault tu, na mara ya mwisho ilikuwa 1983.

Nisiwafiche jambo moja. Siku hizo alikuwa chini ya uchunguzi. Katika Vuelta ya 2017 mkojo wake ulikutwa na salbutamoli, dawa ya pumu, mara mbili ya kipimo kinachoruhusiwa. Alisema aliitumia kwa ugonjwa wake kama daktari alivyomwagiza. Tarehe 2 Julai, 2018, wakuu wa mchezo waliifunga kesi bila kumtia hatiani. Wako wasioridhika mpaka leo, hasa kwa vile mchezo huu umewahi kudanganywa mara nyingi. Tulibishana bwenini usiku mmoja hadi taa zikazimwa. Mimi nasema uamuzi umetolewa na usiheshimiwe nusu. Mwenzangu wa kitanda cha juu anasema shaka si kosa. Hatukuafikiana.

Baada ya Italia hakushinda tena mashindano makubwa. Tarehe 12 Juni, 2019, huko Roanne, Ufaransa, alipokuwa akijaribu njia, upepo ulimchukua akagonga ukuta kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa, akavunjika paja, kiwiko na mbavu. Alirudi, akahamia timu ya Israel, na mwaka 2022 alikuwa wa tatu kwenye mlima Alpe d'Huez. Mwezi wa Agosti 2025 alianguka tena vibaya akiwa mazoezini.

Na Afrika Mashariki? Mwaka 2022 Biniam Girmay wa Eritrea, nchi ambayo Waitalia waliitawala na kuiletea mchezo huu, alishinda kituo cha Giro katika mji wa Jesi, Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda kituo cha mashindano makubwa matatu. Katika sherehe alifungua chupa ya divai, kizibo kikamruka jichoni, akapelekwa hospitali. Jicho likapona, na mwaka 2024 akashinda vituo vitatu vya Tour de France na fulana ya kijani. Septemba 2025 mashindano ya dunia yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Wanaume walikata kilomita 267 juu ya vilima vya Rwanda, na kati ya zaidi ya 160 walioanza walimaliza 30 tu. Bwana Kinjah hakuacha shule yake ya kijijini hata mwanafunzi wake alipokuwa maarufu duniani kote. Aliendelea na watoto, spana na pancha.

Likizo ijayo nakusudia kusimama juu ya ukingo na saa ya mkononi nipime muda wa kaka kutoka Muze. Nimemwomba apande mara moja bila gunia, nimpate muda safi. Amekubali kwa sharti moja, kwamba gunia nitalileta mimi.